Shajara ya mradi: kabati jipya linatoa nini usiku?

Wiki ya 1

Mradi huu umeanzia kwenye simu ya dada yangu. Alinunua kabati la milango mitatu la MDF, akaliweka chumba cha watoto, na tangu hapo watoto wanaamka macho mekundu, makoo yanawawasha. "We si unafanya kazi maabara? Basi njoo unuse." Nikaenda Mbagala, nikanusa. Mlango wa kabati ulipofunguka tu, macho yakaanza kunichonyota kama ninayemenya vitunguu. Harufu ile naifahamu. Ni ile ile ya chumba tunachohifadhia vyura na mijusi wa somo la baiolojia: formaldehaidi.

Kwa asiyejua, MDF si mbao. Ni nyuzinyuzi za miti zilizokandwa na gundi, zikabanwa kwa joto na mgandamizo. Gundi inayotumika sana kwa sababu ya bei ni ya urea na formaldehaidi. Ubao ukitoka kiwandani unakuwa na formaldehaidi iliyobaki bila kushikana na kitu, nayo hutoka haraka, wiki na miezi ya mwanzo. Halafu kuna nyingine inayozaliwa upya kila siku, kwa sababu gundi yenyewe inavunjika taratibu ikikutana na unyevu na joto. Hii ya pili ndiyo inayonisumbua mimi, maana unyevu na joto ndivyo tulivyo navyo kwa wingi hapa Dar.

Maabara za Ulaya hupima kwa kuweka ubao ndani ya chumba maalumu kisichotoa harufu yake chenyewe. Hewa inaingia na kutoka kwa kipimo, mara moja kwa saa, nyuzi 23, unyevunyevu asilimia 45. Sisi chumba hicho hatuna. Mashine ya kuchambua gesi tuliyo nayo iliharibika, na aliyetakiwa kuja kuitengeneza tunamsubiri bado. Tulicho nacho ni desiketa mbili kubwa, yaani vyombo vya kioo vyenye mfuniko usiopitisha hewa, spektrofotomita ya mwanga wa kawaida, ile mashine inayosoma ukali wa rangi ya maji, na binti mmoja wa mwaka wa tatu anayetafuta mada ya utafiti wake.

Tumechagua njia ya Wajapani, JIS A 1460. Unakata vipande vya ubao vya sentimita 15 kwa 5, unavisimamisha ndani ya desiketa juu ya bakuli lenye mililita 300 za maji safi, unafunga saa 24. Formaldehaidi inapenda maji kuliko hewa, kwa hiyo inatoka ubaoni na kujizamisha bakulini. Kesho yake unapima maji. Hakuna pampu wala mtungi wa gesi.

Wiki ya 2

Tumekwenda Keko, kwa mafundi wa samani, kutafuta mbao. Fundi mmoja mtu mzima alitupokea vizuri, nikamwamkia, nikamweleza shida. Akacheka. "Mwanangu, mimi nakata haya maubao mwaka wa ishirini huu. Macho yalishazoea." Tulinunua mabaki ya aina mbili, yote ya milimita 18 na yote yana ngozi nyeupe ya melamini juu na chini. Aina ya kwanza haina alama yoyote, tunaiita A. Ya pili imepigwa muhuri wa E1 ubavuni, tunaiita B. Alama ya E1 maana yake kwenye kile chumba cha Ulaya hewa haizidi miligramu 0.124 za formaldehaidi kwa mita ya ujazo.

Kila kipande, ukihesabu nyuso mbili na kingo zote nne, kina sentimita za mraba 222. Kipimo kinataka jumla iwe karibu na 1800, kwa hiyo vipande vinane, jumla 1776. Tofauti ndogo inarekebishwa kwenye hesabu.

Dawa ya kuonyesha rangi tumeitengeneza wenyewe: gramu 150 za amonia asetati, mililita 3 za asidi ya asetiki, mililita 2 za asetilasetoni, ujazo unatimizwa lita moja. Unachanganya mililita 25 za dawa hii na 25 za maji ya bakuli, unaweka kwenye maji ya nyuzi 65 kwa dakika 10, unapooza gizani. Kama formaldehaidi ipo, maji yanageuka manjano, na ukali wa manjano yake unasomwa kwenye mwanga wa nanomita 412. Binti alipoona rangi ya kwanza alisema, "Mwalimu, hii ni juisi ya nanasi." Tangu siku hiyo ndiyo jina lake hapa maabara.

Wiki ya 2, Ijumaa

Matokeo ya wiki nzima tumeyafuta. Naandika kwa nini, ili nisirudie.

Kosa la kwanza: desiketa tupu, isiyo na ubao ndani, nayo ilitoa manjano. Kipimo tupu kilisoma 0.09, wakati kinatakiwa kuwa karibu na 0.01. Tukaosha vyombo, tukabadilisha maji, tukashuku hata mafuta ya kupaka kwenye mfuniko. Wapi. Jumatano ndiyo nikageuza shingo nikaona: rundo la mbao za Keko limeegemezwa ukutani, hatua mbili kutoka kwenye meza ya kufungulia desiketa. Hewa tuliyokuwa tunaifungia ndani ilikuwa imeshachafuka. Mbao zimehamia stoo ya nje, ndani ya mifuko, na kipimo tupu kimeshuka hadi 0.011.

Kosa la pili ni langu peke yangu na linaniuma. Ili kujua manjano kiasi gani ni miligramu ngapi, unahitaji mchanganyiko wa formaldehaidi unaoufahamu kiasi chake. Nikachukua chupa ya formalini, yaani formaldehaidi iliyoyeyushwa kwenye maji, ya idara ya baiolojia, nikasoma lebo, asilimia 37, nikaanza kuchanganya. Binti ndiye aliyeinua chupa kwenye mwanga. "Mbona chini kuna unga mweupe?" Ule unga ni formaldehaidi iliyojishikanisha yenyewe na kutuama kwa miaka mingi. Iliyobaki juu haiwezi kuwa 37 tena.

Basi tukarudi kwenye shule ya zamani: ayodini na thiosalfeti. Unaweka ayodini nyingi, formaldehaidi inakula sehemu yake, halafu unapima ayodini iliyosalia kwa kudondosha thiosalfeti, na wanga kidogo karibu na mwisho. Bluu nzito, bluu, bluu hafifu, tone moja tena, na ghafla maji meupe. Tumerudia mara nne. Chupa ina asilimia 31. Maana yake kila namba niliyoiandika tangu Jumatatu ilikuwa imezidi kwa karibu asilimia 19. Ningempelekea fundi wa Keko namba zile ningekuwa nimemsingizia.

Kuanzia sasa chupa inapimwa upya kila tunapotengeneza mstari wa marejeo, ule mchoro unaotuambia manjano kiasi gani ni miligramu ngapi. Lebo haisomwi tena hapa.

Wiki ya 3

Kipimo cha Wajapani kinataka nyuzi 20, kisipande wala kushuka zaidi ya nusu. Kiyoyozi cha maabara kinafika 24 kikijitahidi, na umeme ukikatika tunarudi 31 ndani ya saa moja. Suluhisho limetoka kwa muuza aiskrimu wa getini: deli, lile sanduku lake la kutunza baridi. Desiketa imeingia ndani ya deli kubwa, imezungushiwa chupa za maji baridi, kipimajoto kimepitishwa kwenye tundu la mfuniko. Tunabadilisha chupa kila baada ya saa tatu, usiku kwa zamu. Tumeweza kukaa kati ya 19 na 21.5. Siyo kiwango, najua, na nimeandika hivyo kwenye kila karatasi ya matokeo.

Ubao A kwa nyuzi 20: miligramu 1.9 kwa lita. Ubao B: 0.9. Wajapani wana nyota zao. Nyota nne, ambazo ndizo bora, wastani hauzidi 0.3, nyota tatu 0.5, nyota mbili 1.5. Kwa hiyo B imeingia kwenye nyota mbili na A haina nyota. Muhuri wa E1 haukudanganya, lakini nao siyo wa kujivunia sana.

Halafu tukafanya jambo ambalo kipimo hakikutaka. Tulitoa desiketa kwenye deli, tukaiweka mezani, nyuzi 31, joto letu la kila siku, na vipande vipya kutoka kwenye ubao ule ule. Juisi ya nanasi ya ubao A ilikuwa nzito kiasi kwamba ilipita mwisho wa mstari wetu wa marejeo, ikabidi maji ya bakuli yaongezwe maji safi nusu kwa nusu ndipo isomeke. A: 5.4. B: 2.6. Karibu mara tatu, kwa nyuzi 11 tu.

Hili halikunishangaza kama lilivyomshangaza binti. Ipo fomula ya siku nyingi ya kurekebisha matokeo ya vyumba vya kupimia pale joto na unyevu vinapotofautiana na kiwango. Nikaitumia kinyumenyume. Chukua ubao unaofaulu E1 kwa kugusa tu, 0.124 kwa nyuzi 23 na unyevunyevu asilimia 45. Uweke kwenye nyuzi 31 na unyevunyevu 78, yaani Dar mwezi Machi, hewa ikibadilika vile vile na ubao ukiwa wingi ule ule. Joto peke yake linazidisha mara 2.4, unyevu mara 1.6. Zizidishe pamoja, unapata karibu mara 3.8, yaani 0.47. Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa 2010, linasema hewa ya ndani isizidi miligramu 0.1 kwa mita ya ujazo kwa wastani wa dakika 30. Ubao uliofaulu mtihani wa Ulaya unafeli mtihani wa Mbagala bila kubadilika hata chembe.

Ulaya wenyewe wanazidi kukaza. Sheria yao ya 2023 inashusha samani hadi 0.062 kuanzia Agosti 2026. Swali langu ni moja: zile mbao zitakazokosa soko huko zitakwenda kuuzwa wapi?

Wiki ya 4

Kingo. Hili ndilo jambo lililonifurahisha kuliko yote.

Tulichukua vipande vinane vya ubao A, tukaziba kingo zote kwa utepe wa alumini, tukaacha nyuso zenye melamini wazi. Kwa nyuzi 20 tulipata 0.4 badala ya 1.9. Kingo ni theluthi tu ya eneo lote, ila karibu asilimia 79 ya formaldehaidi inatoka humo. Ngozi ya melamini ni kama koti la mvua. Ukikata ubao umechana koti.

Nikarudi Keko na karatasi yangu. Fundi alinionyesha kabati lililokuwa linasubiri mteja. Mbele, kila ukingo una utepe wa plastiki uliopigwa pasi vizuri, huwezi hata kuona maungio. Akalizungusha. Nyuma, chini, ndani ya droo, matundu ya bawaba, na kila palipokatwa kwa msumeno: wazi, rangi ya biskuti.

"Mteja haangalii nyuma, mwalimu." Nimepanda cheo, nimekuwa mwalimu.

"Pua yake inaangalia."

Akanyamaza kidogo, akapiga hesabu ya mita za utepe kwa vidole kwenye meza ya kazi. Akaniuliza kama akipaka vanishi haitoshi, maana vanishi anayo na ni rahisi. Nikamwambia zipo vanishi za kukaushwa kwa asidi ambazo zenyewe zinatoa formaldehaidi, na hizo nyingine zina thina itakayojaza chumba siku kadhaa. Bora utepe. Hakukubali wala hakukataa. Alinipa vipande vinane vingine akaniambia, "Hivi nitaviziba mwenyewe kwa mikono yangu, we upime."

Wiki ya 5

Wiki ya plastiki, na ya kunyenyekea.

Binti alitaka tupime pia lile kapeti la plastiki la sebuleni kwa dada, la PVC, linalonuka likiwa jipya na kunata miguuni jua likiingia. Nilimwonya kwamba desiketa haitatusaidia. PVC peke yake ni ngumu kama bomba la maji. Inalainishwa kwa kuongezwa vimiminika vyenye mafuta, na cha miaka mingi ni DEHP, jamii ya thaleti. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku mwaka 2005 kwenye vitu vya kuchezea watoto, isizidi asilimia 0.1 ya uzito. Haiyeyuki kwenye maji na haikimbilii hewani kama formaldehaidi. Inatambaa polepole, inaganda kwenye kioo, inakaa kwenye vumbi, na mtoto anayetambaa anaila na vidole.

Tukajaribu njia ya watu wa magari. Kipande cha kapeti chini ya bika, ile gilasi ya maabara, bika ndani ya mafuta ya nyuzi 100, kioo baridi juu kama kifuniko, kwa muda wa saa tatu. Mwenye gari lililokuwa likishinda juani anaujua ule ukungu wa mafuta ndani ya kioo cha mbele ambao kitambaa kikavu kinausambaza tu. Ndicho tulichokipata. Kioo kilitoka na utando, ukiandika kwa kidole maandishi yanabaki. Ni thaleti gani? Kiasi gani? Bila mashine ya kuchambua siwezi kusema, na sitaandika "thaleti" kwenye ripoti kwa ushahidi wa kidole. Imeandikwa: "utando wa mafuta, haujatambuliwa". Binti amekasirika kidogo. Atazoea.

Jambo moja nimeliweka akiba. Sakafu ya dada ina unyevu chini ya kapeti, na saruji yenye unyevu ina magadi. DEHP ikikutana na magadi na maji inakatika na kutoa ethaili-heksanoli, harufu tamu-kali ya kukera. Dada anasema kona ile inanuka "kama dawa iliyooza". Mashine ikipona, kona hiyo ndiyo ya kwanza.

Wiki ya 6

Sasa hewa yenyewe, chumbani kwa watoto. Tumetumia pampu ya tangi la samaki, chupa mbili za maji zilizofuatana, mililita 20 kila moja, hewa inapita ikitoa mapovu, lita moja kwa dakika kwa saa mbili. Pampu imegeuzwa ili inyonye mwishoni badala ya kupuliza mwanzoni, maana tumbo lake ni la mpira na mpira nao una harufu zake.

Safari ya kwanza imeharibika. Namba ilikuwa kubwa mno, nikaanza kujiona nimegundua jambo. Ndipo dada akaniambia usiku kulikuwa na mbu, akawasha dawa ya kuzunguka, na asubuhi akafukiza udi kidogo "ili msikute chumba kinanuka". Moshi wa vyote viwili una formaldehaidi. Utafiti mmoja wa 2003 ulikuta dawa moja ya mbu ya kuzunguka inaweza kutoa formaldehaidi sawa na sigara 51. Nimemwomba siku mbili bila moshi, chandarua kitoshe. "Mdogo wangu, na wageni je?" Wageni wavumilie.

Safari ya pili, madirisha yamefungwa usiku kucha, nyuzi 29 alfajiri: 0.19. Mwongozo ni 0.1. Tukafungua madirisha na mlango kwa muda wa saa mbili, tukapima tena. Manjano hayakutofautiana na kipimo tupu. Kabati ni lile lile, chumba ni kile kile. Nyumba ile ilijengwa ipitishe upepo. Nyavu, vioo vya kusukuma na hofu ya wezi ndivyo vilivyoifunga.

Kabla ya kuondoka tulilivuta kabati mbele, nikaziba kila ukingo uliokuwa wazi kwa utepe wa alumini, hata matundu ya bawaba zilizohamishwa. Linafanana na kitu cha kupelekwa mwezini. Dada amesema ilimradi nyuma haionekani.

Wiki ya 8

Wiki ya saba hatukufanya kitu, mitihani.

Chumba cha watoto, masharti yale yale, bila moshi, nyuzi 29: 0.11. Imeshuka, ila bado iko juu ya mwongozo kwa unywele, na siwezi kusema utepe wangu peke yake ndio uliofanya kazi; kabati nalo limezeeka wiki mbili. Nilipaswa kupima kabati la pili lisilozibwa sambamba na hili. Sikuwa nalo. Macho ya watoto yametulia, dada anasema, lakini sasa wanalala dirisha wazi na nyavu mpya, kwa hiyo hilo nalo silihesabu.

Vipande vya fundi vimewasili. Amevipiga utepe wa plastiki pande zote nne, kazi safi, na kwenye kimoja ameandika kwa penseli namba ya simu yake na neno "majibu". Vimeingia kwenye desiketa leo saa nne asubuhi, deli limejaa chupa, zamu ya usiku ni yangu. Desiketa ya pili ina vipande visivyozibwa kutoka kwenye ubao ule ule, safari hii nimekumbuka. Formalini imepimwa upya: 30.8. Tunafungua kesho saa nne.